Kwani Unawinda Nini?

Kuna kidude kinauzwa siku hizi kwa jina la "dira ya uwindaji." Utakiona mtandaoni, utakiona kwa meza za wachuuzi hapa Kitengela, kati ya chaja za simu na tochi za kuvaa kichwani. Kina rangi ya kijani ya jeshi, kifuniko cha bati na, kwenye boksi, picha ya mzungu mwenye bunduki katikati ya misonobari. Ukijua kuongea bei, hakifiki shilingi 500. Kina mdogo wake wa kuning'iniza kwa funguo, huyo ni 200. Na wasee wananunua, kwa sababu Jumamosi kuna Ngong, mwezi ujao kuna Ol Doinyo Orok kule Namanga, na kidude kinatokea vizuri kwa picha.

Swali langu la kwanza ni rahisi: kwani unawinda nini?

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977. Mwaka uliofuata ikafunga pia biashara ya nyara. Hapa Kajiado kwenyewe, ambako zamani moran alithibitisha ushujaa kwa kuua simba, tangu 2012 morani wa maeneo yanayozunguka Amboseli hukutana Kimana kwa Olimpiki za Wamaasai. Wanarusha mkuki, wanarusha rungu, wanakimbia, wanaruka, na simba anabaki hai. Anayebaki kuwinda ni yule anayetega nyaya usiku kwenye uwanda wa Athi-Kapiti, na huyo hahitaji dira. Anachohitaji ni wakili.

Kwa hivyo "uwindaji" kwenye boksi ni vazi tu, limeshonewa watu wa misitu ya mbali. Ningecheka niende zangu, lakini mara nyingi hata sindano iliyo ndani ya hicho kidude ilitengenezewa misitu hiyo ya mbali. Hapo kicheko kinaisha. Dira mbaya ni hatari kuliko kukosa dira. Asiyekuwa na dira anajua hajui aliko, hivyo anaenda polepole, anauliza, anarudi alikotoka. Mwenye dira mbaya anatembea haraka, kifua mbele, kuelekea kusikojulikana.

Wacha nieleze, maana muuzaji hatakueleza. Nilisoma upimaji wa ardhi chuoni miaka miwili kabla karo haijanifungia mlango. Cheti sina, lakini sindano ya sumaku haiulizi mtu cheti.

Sindano haivutwi kuelekea kaskazini peke yake. Inavutwa pia kwenda chini, na kiasi cha kuvutwa kinategemea uko wapi duniani. Ukiwa London, ncha ya kaskazini inainama kuelekea ardhini kwa zaidi ya digrii 60. Watengenezaji wanalijua hilo, kwa hivyo wanaongeza uzito kidogo kwa ncha ya kusini ili sindano ilale sawa. Safi kabisa, kwa mtu wa London.

Sasa ilete dira hiyo Kajiado. Ikweta ya sumaku haifuati ile ikweta ya Nanyuki yenye kibao cha kupigia picha. Inapita kaskazini mwetu, huko Ethiopia. Kwa hesabu ya sumaku sisi ni watu wa kusini: hapa ncha ya kusini ndiyo inayoinama, kwa zaidi ya digrii 20. Ongeza ule uzito aliowekewa mtu wa London, ambao uko upande huohuo. Ncha ya kusini inazama, inakwaruza sakafu ya kijumba chake, inakwama. Ukigeuka, sindano inageuka nawe kama rafiki mnafiki. Kila upande unaoangalia, anakubaliana na wewe.

Hii si siri. Silva ilianza Uswidi mwaka wa 1933, Suunto ikaanza Finland mwaka wa 1936, na zote mbili zilianzishwa na watu waliokuwa wakikimbia misituni na ramani mkononi. Silva wameigawa dunia kanda tatu na kuziandika kwa herufi: MN, ME na MS. Suunto wana NH ya nusu ya kaskazini, SH ya nusu ya kusini, na nyingine iitwayo Global ambayo sindano yake imeundwa ifanye kazi popote. MC-2 yao inapatikana kwa Global. Kwa hivyo ukiokota dira mezani ukakuta imeandikwa MN au NH, irudishe taratibu. Ukikuta haijaandikwa chochote, irudishe haraka.

Kuna habari njema pia, na ina maana kwa mfuko wako. Kaskazini ya sumaku na kaskazini ya ramani hazilingani kila mahali. Kuna sehemu za Marekani na Kanada ambako tofauti ni digrii 15 na zaidi, kwa hivyo dira za bei ya juu huja na skrubu ya kurekebisha hiyo tofauti. Kwetu Nairobi na Kajiado tofauti haifiki digrii mbili. Muuzaji akikuongezea bei kwa ajili ya hiyo skrubu, mwambie amtafutie mtu wa Seattle. Wewe weka pesa yako kwa sindano.

Na usiniambie digrii chache si kitu. Ukikosea digrii 10 ukatembea kilomita moja, umetoka njiani kwa mita 170 hivi. Kwenye uwanda wa Isinya hiyo ni mzaha, utaona barabara ya Namanga tu. Ndani ya msitu, mita 170 zinatosha kuupita mto, njia na kijiji bila kuviona. Ukiendelea hivyo kilomita tano, umekosa kwa karibu kilomita nzima.

Basi mtu achague vipi? Simama pale mezani na ufanye haya, muuzaji akununie atakavyo.

Kwanza, tafuta bamba la plastiki angavu lenye ukingo ulionyooka, kwa sababu dira inafanya kazi juu ya ramani. Lile duara la digrii lizunguke bila kukwama na lisilegee. Ndani kuwe na kiowevu kinachotuliza sindano, na kusiwe na kiputo cha hewa. Sindano itulie kwa sekunde chache. Ikicheza kama imesikia ngoma, hiyo ni ya mtoto.

Pili, ishike sawa kiganjani, zunguka pole pole duara zima. Sindano ibaki ikiangalia upande mmoja mwanzo hadi mwisho. Halafu iinamishe kidogo, kama mkono wa mtu aliyechoka unavyoinama. Ikikwama, hiyo ndiyo itakuwa tabia yake saa kumi na mbili jioni ukiwa na njaa.

Tatu, omba tatu za aina moja. Ziweke mbali mbali, kama hatua moja kati ya hii na hii, zisivutane. Zote zikubaliane. Zikibishana, usijifanye hakimu wa kuchagua iliyo sahihi. Ondoka.

Nne, sogeza ufunguo wa chuma karibu mpaka sindano iyumbe, kisha uondoe. Irudi palepale ilipokuwa. Ikirudi jirani, ile pini inayobeba sindano ni mbovu.

Ukishainunua, usiiweke mfuko mmoja na simu. Sumaku ya spika ya simu inaweza kuivuruga sindano kabisa, hata ikageuza ncha, kaskazini ikawa kusini. Na ukiwa Ngong, kumbuka ile milima ni mabaki ya volkano ya zamani, na mawe ya volkano yanaweza kuwa na madini ya sumaku. Usiweke dira juu ya jiwe. Pima umesimama, songa hatua kadhaa, pima tena.

Najua mnachotaka kusema. Simu iko na dira. Iko, na iko na kitu bora zaidi: GPS, ambayo inafanya kazi hata bila bando, mradi ulipakua ramani ukiwa nyumbani. Mimi mwenyewe natumia. Lakini tuwe wakweli na simu zetu. Ile dira ya kwenye simu ni kifaa kidogo cha kupima sumaku ambacho kinataka usimame ukichora nane hewani kama mganga ndipo kirudi akilini, na kava yenye sumaku inakiharibu bila wewe kujua. Halafu hiyo simu ndiyo tochi yako, ndiyo kamera yako, ndiyo M-Pesa yako, ndiyo ngoma ya njiani. Kufika saa tisa alasiri ina asilimia 9. Mvua ikinyesha, kioo hakisikii kidole. Sindano nzuri haina chaji ya kuisha. Sisemi uache simu. Nasema usiweke maisha yako yote kwenye betri moja.

Kuna hoja ya pili, na hii ndiyo inanikera. "Buda, sisi ni Waafrika. Babu zetu walitembea bila dira." Babu yako, ndiyo. Wewe umelelewa Umoja, ukahamia ploti ya Kitengela, na ukitoka kwa matatu upande usiouzoea unampigia mtu akuelekeze mpaka getini. Mzee wa Kimaasai anayechunga kutoka Ilbissil hadi mpakani hapotei kwa sababu amejaza kichwa chake miaka hamsini ya vilima, upepo, mabwawa na nyota. Hiyo ni elimu, ameihenyea. Kuidai eti imo kwa damu ni kumdharau yeye aliyeisoma. Ni kama kudai unajua udaktari kwa sababu mjomba wako alikuwa daktari.

Tena hata huyo mzee anafanyiwa kazi iwe ngumu. Uwanda kati ya Mbuga ya Nairobi na Isinya, ambao punda milia na nyumbu walikuwa wakiupita wakitoka na kuingia kupitia upande wa kusini wa mbuga, umekatwa ploti, ukazungushiwa nyaya, mageti na ua. Njia uliyoelekezwa mwaka jana inaishia ukutani mwaka huu. Alama za zamani zinafukiwa na kokoto. Anayesema tutegemee macho tu hajatembea Kitengela hivi karibuni.

Na kama ni urithi mnataka, basi tuuchukue wote. Dira nayo ni yetu. Manahodha wa Lamu na Unguja walisafiri nayo, na pande zetu mbili za dunia, kaskazini na kusini, zimebeba majina ya pepo zilizosukuma tanga zao: kaskazi na kusi. Lugha yenyewe inajua njia. Lakini sisi tumelichukua neno dira tukalipandisha jukwaani. Tanzania wana Dira ya Taifa ya Maendeleo, BBC wana Dira ya Dunia, kila shirika lenye ofisi mbili na printa lina dira na dhamira ukutani. Kila mtu ana dira ya maisha kwenye wasifu wake wa mtandaoni. Muulize mashariki ni wapi hapo alipokaa, ataangalia simu.

Shule nayo isijifiche. Kwenye jiografia ya KCSE tulipewa kipande cha ramani ya 1:50,000 tukapima uelekeo kwa protrakta, kutoka kanisani hadi kwenye kisima, tukaandika digrii tukapata alama. Shule niliyosoma haikuwahi kutupa dira mkononi tukatoka nje kwenda kutafuta hicho kisima. Tulifaulu mtihani wa kutopotea kwenye karatasi. Kidato cha nne mzima kinajua kupima uelekeo, na hakijui kuufuata.

Hoja ya tatu ni pesa, na hii naiheshimu kuliko zote, kwa sababu mimi naishi kwa malipo ya makala, na makala hulipwa yakijisikia. Dira ya kweli inagharimu maelfu, si mamia. Lakini mbogi la watu kumi wanaopanda pamoja kila mwezi hawahitaji dira kumi. Wanahitaji mbili nzuri, na watu wanne wanaojua kuzitumia. Changeni. Mmewahi kuchangia nyama na vinywaji vya bei kubwa kuliko hiyo kwa jioni moja hapa barabara ya Namanga, na asubuhi hamkubaki na kitu isipokuwa kichwa kuuma. Ulizeni pia kwenye maduka ya vifaa vya upimaji mjini, na msione aibu kununua iliyotumika. Iliyotumika ikipita majaribio yale manne ni bora kuliko mpya ya boksi lenye mzungu.

Sasa nije kwa mliogeuza kupanda milima kuwa biashara. Mnakusanya watu arobaini kwa bango la Instagram, mnapokea hela, mnakodi basi, na mbele mnaweka kijana mmoja mwenye filimbi. Watu wanawaamini. Wengine ndiyo mara yao ya kwanza kutoka nje ya lami. Ukungu wa Julai ukishuka kwenye Ngong, arobaini hao wanajigawa makundi matano kabla hujamaliza kusema "tusiachane." Mnajua mgongo wa Ngong umelala takriban kaskazini hadi kusini? Mnajua ukiwa juu yake mashariki ni upande wa Nairobi, na magharibi ardhi inaporomoka kwenda Bonde la Ufa? Mngewaambia watu hilo moja tu pale getini, mkawapa sekunde kumi za kuangalia sindano, kila mmoja angeondoka na kitu cha kumwokoa. Haigharimu hata shilingi. Lakini hamsemi, kwa sababu wengine wenu hamjui.

Kwa hivyo wewe unayelipa, kabla hujatuma hela uliza maswali matatu. Nani amebeba dira na ramani? Nani mwingine kati yenu anajua kuitumia, huyo wa kwanza akiumia? Tukipotezana, kila mtu aelekee upande gani ili afike kwenye barabara au mto? Wakikujibu "usijali, tunaijua njia," weka pesa yako mfukoni. Njia inajulikana hadi siku isipojulikana. Kila baada ya muda tunasikia watu wamepotea Aberdare, na askari wa wanyamapori wanaingia usiku kuwatafuta. Waliopotea nao waliondoka nyumbani na mtu aliyeijua njia.

Kuna msitu unapakana na kaunti yetu, upande wa magharibi, ukipanda ngazi ya Nguruman kuelekea Loita. Wamaasai wanauita Naimina Enkiyio, Msitu wa Mtoto Aliyepotea. Husimuliwa kwamba msichana aliingia humo na ndama. Ndama walirudi, yeye hakurudi. Hatujui jina lake, na kila msimulizi ana namna yake ya kusimulia. Lakini watu walioijua nchi hiyo kuliko mtu yeyote, watu wa miaka hamsini ya vilima na nyota, ndio walioupa msitu wao mkubwa jina la kupotea. Hawakuuita msitu wa mashujaa. Waliweka onyo mlangoni na kulirithisha kizazi baada ya kizazi, ili mwenye masikio aingie kwa heshima.

Sisi tunafika mlango huohuo na kidude cha 200 kikining'inia kwa mkoba, tunajipiga picha, na tunajiita wawindaji.

Acha kuwinda, hakuna cha kuwinda. Tafuta sindano inayolala sawa kwenye ardhi hii, ijaribu mara nne mbele ya muuzaji, ichukue hadi uwanja wowote wa Kitengela uliobaki wazi, na ujifunze kutembea hatua mia mbili kwa uelekeo mmoja na kurudi ulipoanzia. Fanya hivyo Jumapili tatu mfululizo. Ya nne, nenda msituni. Na kama mchuuzi atakuuliza kwa nini umerudisha ile ya kijani, mwambie ukweli: ile inajua kaskazini ya watu wengine.